Kutoka inboksi hadi risiti: shajara ya mradi wa kuuza kwa mazungumzo

Mipaka ya mradi

Mradi huu ni wa biashara inayouza bidhaa za kushikika kupitia ujumbe wa moja kwa moja: WhatsApp Business, Instagram na Messenger. Hakuna tovuti yenye kikapu. Mteja anauliza, anajibiwa, analipa na mzigo unatumwa, yote ndani ya mazungumzo. Wanaojibu ni wachache na wanapokezana zamu.

Lengo limeandikwa kwa sentensi moja: kila anayeandika ajulikane ameishia hatua gani na kwa nini. Kuongeza wafuasi na kulipia matangazo vimewekwa nje ya mradi kwa makusudi. Kuleta watu wengi zaidi kwenye inboksi isiyojibu vizuri ni kuteka maji kwa pakacha.

Kumbukumbu ya 1: kuhesabu kabla ya kugusa kitu

Hali: imekamilika.

Kwanza ilibidi kukubaliana nini kinahesabiwa. Mtu yule yule akiandika mara kadhaa ndani ya siku 7 kuhusu bidhaa ile ile, anahesabiwa mara moja. Akirudi baada ya hapo, au akiulizia kitu kingine, anafunguliwa mstari mpya. Bila kanuni hii mteja mwenye maswali mengi anaonekana kama wateja watano, na kiwango cha mauzo kinashuka kwenye karatasi tu.

Hatua zenyewe:

0 – ameandika, hajajibiwa na mtu
1 – amejibiwa
2 – haja yake imejulikana
3 – ametajiwa bei kamili
4 – amekubali
5 – amelipa
6 – amepokea mzigo

Lahajedwali lina safu nane: tarehe na saa ya ujumbe wa kwanza, saa ya jibu la kwanza, chanzo, namba ya bidhaa, hatua ya mbali zaidi aliyofika, sababu ya kukwama, tarehe ya kufuatilia, na jina la anayemhudumia. Hatua ikiandikwa kwa tarakimu, fomula ya =COUNTIF(E:E,">=3") inatoa papo hapo idadi ya waliofika kwenye bei.

Mambo mawili huharibu takwimu hizi mapema. La kwanza ni kuhesabu salamu ya moja kwa moja ya programu kama jibu la kwanza. Kwa kipimo hicho kila mteja anajibiwa ndani ya sekunde mbili na hakuna tatizo lolote duniani. Saa inayoandikwa ni ya jibu la mtu. La pili ni saa zenyewe: lahajedwali linatumia saa 24, kwa hiyo saa 3 usiku ni 21:00. Mfanyakazi mmoja akiandika 3:00 na mwingine 21:00, muda wa kujibu unatoka hasi. Vilevile, muda wa kujibu unasomwa kwa MEDIAN (thamani ya katikati), si AVERAGE (wastani), kwa sababu ujumbe mmoja ulioingia usiku wa manane na kujibiwa asubuhi unavuta wastani mzima kwenda juu.

Huu ni mfano wa hesabu tu, wa kuonyesha namna ya kusoma jedwali: kati ya watu 100 walioandika, 92 walijibiwa, 75 haja zao zilijulikana, 66 walitajiwa bei, 20 walikubali, 14 walilipa. Macho ya wengi yanakimbilia pengo la 66 hadi 20, kwa kuwa ndilo kubwa. Lakini angalia 20 hadi 14. Watu sita walisema ndiyo, kisha fedha haikuingia. Hao hawahitaji kushawishiwa tena. Kuwarudisha wanne kati yao kunapandisha mauzo kutoka 14 hadi 18 bila kuongeza mteja hata mmoja.

Hapo ndipo mpangilio wa kazi ulipoamuliwa: kutengeneza kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Malipo kwanza, halafu bei, halafu haja, salamu baadaye. Ukianza na salamu, unawasukuma watu wengi zaidi kwenda kukwama mahali pale pale.

Kumbukumbu ya 2: kutoka "sawa nachukua" hadi malipo

Hali: imekamilika.

Mteja anayekubali anabaki na kazi nyingi kuliko muuzaji anavyodhani. Anapaswa kujua jumla ni ngapi, alipe wapi, jina gani litatokea, baada ya kulipa afanye nini, mzigo utafika lini. Majibu ya maswali haya mara nyingi yapo, ila yametawanyika kwenye jumbe kumi na mbili zilizopita. Anapandisha juu kutafuta, simu nyingine inaingia, anasahau.

Kwa hiyo mara tu mteja anapokubali, anatumiwa ujumbe mmoja wa muhtasari wa oda:

"Nimeandika oda yako hivi:
Viatu V22, kahawia, saizi 40, jozi 1
Bei ya viatu: …
Usafiri hadi kwako: …
Jumla ya kulipa: …
Utapokea: kesho kabla ya saa 10 jioni
Nimekuwekea pembeni mpaka leo saa 12 jioni. Nimeandika sawasawa?"

Mteja akijibu "sawa", zinafuata jumbe mbili fupi. Wa kwanza unataja njia ya kulipa na jina litakalotokea. Wa pili una namba ya malipo peke yake, bila neno wala nukta. Sababu ni ya kidole: kwenye simu, kushikilia ujumbe na kunakili kunachukua ujumbe wote. Namba ikiwa katikati ya sentensi, mteja analazimika kuikariri tarakimu tatu tatu, na hapo ndipo fedha inapokwenda kwa mtu mwingine.

Jumla inaandikwa ikiwa imejumlishwa tayari. "Bei kadhaa pamoja na usafiri" si jumla. Ni zoezi la hesabu.

Uthibitisho wa malipo hautokani na picha ya skrini. Picha huhaririwa kwa dakika chache, na hata ile halali inaweza kuwa ya muamala uliorudishwa. Anayehudumia anafungua akaunti ya malipo, anaona fedha imeingia, ndipo anabadilisha lebo ya mazungumzo hayo kwenye programu kuwa "Amelipa" na kutuma risiti. Mteja anaambiwa hivyo kwa upole tangu mwanzo: "Ukishalipa niandikie, nitaangalia upande wangu na kukutumia risiti." Ikisemwa baada ya yeye kutuma picha, inasikika kama tuhuma.

Namba ya malipo ni moja, imeandikwa pia kwenye maelezo ya akaunti, na haibadilishwi kwa ujumbe. Matapeli hufungua akaunti yenye jina na picha inayofanana, wakawaandikia watu waliokomenti "bei?" na kuwapa namba yao. Mteja anayejua kwamba namba halali ipo kwenye maelezo ya akaunti ana mahali pa kulinganisha.

Kitu kingine kidogo: WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15. Bei au saizi ikikosewa, imekubaliwa kwamba haihaririwi kimyakimya. Unaandikwa muhtasari mpya wenye neno "Marekebisho" juu. Mteja aliyesoma namba ya kwanza hatakumbuka kurudi kusoma ya pili, na alama ndogo ya kuhaririwa hakuna anayeitazama.

Kuweka bidhaa pembeni kuna mwisho wake, na mwisho huo unatajwa kwa saa, si "kwa muda mfupi". Saa ikifika, mteja anaandikiwa mara moja kuulizwa kama aongezewe muda. Asipojibu, bidhaa inarudi stoku. Stoku ya kipande kimoja kimoja ndiyo hatari zaidi: watu wawili wanaojibu, mmoja WhatsApp na mwingine Instagram, wanaweza kukiuza mara mbili ndani ya dakika tano. Kanuni ni kwamba kipande kinatolewa kwenye orodha ya stoku kabla ya muhtasari wa oda kutumwa, si baada ya malipo.

Kumbukumbu ya 3: swali la bei

Hali: inaendelea. Hapa ndipo penye kazi nyingi kuliko kwingine kote.

"Bei?" Neno moja, na jibu la kawaida nalo ni tarakimu moja. Mazungumzo yanafia hapo, na lawama inaangukia bei. Ukiyasoma tena yaliyokufa hivi utaona jambo jingine: ujumbe wa mwisho ni wa muuzaji, na hauna kitu cha kujibu. Mteja ameuliza, amejibiwa, hana la kusema zaidi.

Dawa iliyozoeleka ni mbaya kuliko ugonjwa. Muuzaji anajibu swali la bei kwa swali: "Karibu, uko wapi?" au "Unahitaji ngapi?" Mteja anaona anazungushwa, anahisi bei itapangwa kwa kumtazama usoni, anaondoka. Bei inatajwa kwanza. Swali linakuja mwishoni mwa ujumbe huo huo.

Ujumbe wa bei sasa una vipande vinne, kwa mpangilio huu: bei, kinachoingia ndani ya bei hiyo, hali ya stoku, na swali moja.

"Mkoba M14 ni … . Una mkanda wa begani unaovuliwa na mfuko wake wa kuhifadhia. Upo mweusi na wa kahawia. Wa kwako uwe wa rangi gani?"

Usizidi mistari mitano. Ukiwa mrefu zaidi unasomwa nusu, na swali, ambalo ndilo linaloendesha mazungumzo, limekaa chini kabisa. Tena uwe ujumbe mmoja. Kutuma "Habari", kisha "karibu", kisha "bei ni", kisha tarakimu, kunamletea mteja arifa nne. Akifungua ya kwanza anakuta salamu tupu.

Swali liwe jepesi kujibiwa kwa neno moja. "Unahitaji?" linaomba ndiyo au hapana, na hapana ndiyo rahisi. "Saizi 39 au 40?" linaomba neno moja linalosogeza mbele. Lakini swali la kuchagua kati ya viwili linafaa tu pale mteja ameshaonyesha kitu anachokitaka. Ukimuuliza "nikuletee leo au kesho?" mtu ambaye bado anatafuta zawadi na hajui hata ya nani, unamsukuma, naye anajua.

Usafiri ndio mtego mkubwa wa hatua hii. Mteja anasikia bei ya bidhaa, anakubali moyoni, kisha kwenye muhtasari anakutana na namba kubwa zaidi. Kwake hiyo ni bei kupanda. Suluhisho lililowekwa ni jedwali fupi la maeneo na gharama zake, limehifadhiwa kama jibu la haraka, yaani ujumbe ulioandikwa tayari kwenye programu. Kama mahali panajulikana, bei inatajwa pamoja na usafiri. Kama hapajulikani, inaandikwa "bila usafiri" waziwazi, na swali la mwisho linakuwa la mahali.

Kuhusu picha: anayefika hatua hii anatumiwa picha ya kitu chenyewe kilichopo stoku, si ile ya tangazo. Picha tatu zinatosha. Moja ya mbele kwenye mwanga wa mchana, moja ya mshono au sehemu inayochakaa haraka, moja yenye futi ya kupimia pembeni. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo kwa vitambaa na maandishi madogo chagua HD kabla ya kutuma. Vipimo viandikwe kwa sentimita hata kama picha ina futi.

Kisha yanakuja majibu ya kukwepa. "Nitakucheki." "Ngoja nijipange." Haya si hapana, na pia si ndiyo, ni sababu ambayo haijasemwa. Kumjibu "sawa, karibu tena" ni kuipoteza sababu hiyo milele. Kilichowekwa ni swali moja tu, lenye mlango wa kutokea: "Hakuna shida. Nisaidie kujua: ni bei, ni muda wa kufika, au bado unalinganisha?" Jibu lolote linaandikwa kwenye safu ya sababu. Asipojibu, anaingia kwenye ufuatiliaji (kumbukumbu ya 7) bila kusumbuliwa siku hiyo.

"Mwisho ngapi?" nalo linahitaji kanuni iliyoandikwa kabla ya kuulizwa, kwa sababu anayejibu akiwa amechoka atapunguza ili amalize. Punguzo linatolewa kwa kubadilishana na kitu: kuchukua vipande viwili, kulipa leo, au kuja kuchukua mwenyewe. Halitolewi kwa sababu tu limeombwa. Na kiwango chake ni kimoja kwa wote wanaotimiza sharti, kwa maana wateja hutumiana picha za skrini, na aliyelipa zaidi jana atarudi kuuliza.

Suala la "bei inboksi" bado lina ubishi ndani ya timu. Kuficha bei kwenye posti kunaleta jumbe nyingi, na inboksi iliyojaa inafurahisha macho. Msimamo wa sasa: bidhaa yenye bei moja inaandikwa bei kwenye posti. Wanaoandika watapungua, ila wanakuja wakiwa wameshavuka sehemu ya hatua ya 3. Bidhaa za kutengenezwa kwa oda, ambazo bei hutegemea vipimo, zinaandikwa "kuanzia" pamoja na kitu kinachoipandisha: ukubwa, aina ya kitambaa, au haraka.

Kumbukumbu ya 4: kujua haja

Hali: imekamilika, kwa kifupi.

Kila aina ya bidhaa imewekewa maswali yasiyozidi matatu ambayo bila hayo oda haiwezi kuandikwa. Viatu: saizi, rangi, mahali. Pazia: upana wa dirisha, kimo, fito iliyopo. Maswali mengine yote yameondolewa. Yanaulizwa moja moja, kila moja likipanda mgongoni mwa jibu lililotangulia. Yakitumwa yote matatu kwa pamoja, mteja hujibu la mwisho tu.

Alichokwisha kusema hakiulizwi tena. Hakuna kinachomchosha mtu kama kuandika "viatu V22 saizi 40 nyeusi" na kujibiwa "Karibu, tukusaidie nini?"

Ujumbe wa sauti unasikilizwa wote, kisha unajibiwa kwa maandishi yanayorudia kilichoeleweka: "Nimekusikia: jozi mbili, 38 na 41, zote nyeusi." Maandishi hutafutika baadaye kwenye kisanduku cha kutafuta, sauti haitafutiki, na mwenzako wa zamu inayofuata hataisikiliza.

Kuhusu kumwita mteja: mpaka ataje jina, haitwi dada wala kaka. Picha ya wasifu si ushahidi. Inaweza kuwa ya mtoto, ya harusi ya jirani, au akaunti wanayotumia wawili. "Mpenzi" na "kipenzi" vimefutwa kwenye majibu yote ya haraka.

Kumbukumbu ya 5: jibu la kwanza na mpangilio wa programu

Hali: imekamilika, inahitaji kukaguliwa kila mwezi.

WhatsApp Business inaruhusu lebo hadi 20. Zinazotumika ni saba, na zinafuata hatua za jedwali: Mteja mpya, Ametajiwa bei, Anasubiriwa alipe, Amelipa, Mzigo njiani, Tumemaliza, Fuatilia. Lebo zikizidi hapo watu huacha kuziweka, na lebo isiyowekwa kila wakati ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu inakupa imani ya uongo. Mteja anabeba lebo moja tu kwa wakati mmoja. Ya zamani inaondolewa mpya ikiwekwa.

Majibu ya haraka yanaweza kufika 50, na huitwa kwa alama ya mkwaju: /bei14, /usafiri, /malipo, /oda. Yanaandikwa yakiwa na nafasi za kujaza, zenye alama tatu za nyota (***), ili anayetuma bila kujaza aonekane mara moja kabla hajabonyeza.

Ujumbe wa salamu hutoka wenyewe mtu anapoandika mara ya kwanza, au akirudi baada ya siku 14 za ukimya. Haujui aliyeandika amesema nini. Kwa hiyo usiulize chochote. Wetu unasema: "Asante kwa kuandika. Ujumbe wako umefika, na mtu atakujibu hapa hapa. Tunajibu saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku." Ujumbe wa kutokuwepo unataja saa ya kurudi, "tutakujibu hivi karibuni" haimsaidii anayetaka kujua kama asubiri au alale.

Vifaa vinavyounganishwa na akaunti moja ni hadi vinne, mbali na simu kuu. Simu kuu isipotumika kwa siku 14, vifaa hivyo huondolewa. Simu ya kazi inayowekwa kwenye droo kwa sababu kila mtu anatumia kompyuta ndiyo inayosababisha hili, na hutokea siku ya shughuli nyingi.

Instagram ina hatari yake. Jumbe za watu ambao akaunti haiwafuati hukaa kwenye maombi, na zingine hufichwa zaidi chini kama maombi yaliyofichwa. Mteja mpya, kwa kawaida, ni mtu ambaye humfuati. Yaani sehemu ya wateja wapya ipo mahali pasipopiga kengele. Maombi, maombi yaliyofichwa, na folda ya spamu ya Messenger vinafunguliwa mwanzo wa zamu na mwisho wa zamu, na aliyefungua anaweka alama kwenye jedwali.

Lengo la muda wa kujibu ni dakika 10 ndani ya saa za kazi. Asiyeweza kutoa jibu kamili ndani ya muda huo anaandika atalitoa saa ngapi: "Naangalia stoku, nakujibu kabla ya saa 8." Tiki za bluu zisizofuatwa na neno humfanya mteja amwandikie muuzaji wa pili, na wa pili akijibu, huyo ameshaondoka.

Kumbukumbu ya 6: vyanzo

Hali: imekamilika.

Kila mahali panapoalika watu kuandika pana kiungo chake. Muundo ni https://wa.me/ ikifuatiwa na namba ya kimataifa isiyo na alama ya kujumlisha, sifuri za mwanzo wala mistari, halafu ?text= na maneno ambayo nafasi zake zimeandikwa %20. Kwa mfano ?text=Naulizia%20M14%20(posti). Mteja akibofya, anakuta ujumbe umeshaandikwa. Anabonyeza kutuma tu. Kwa Instagram kiungo ni ig.me/m/ na jina la akaunti, kwa Messenger ni m.me/ na jina la ukurasa.

Kiungo kikikataa kufunguka, karibu kila mara ni sifuri iliyoachwa baada ya namba ya nchi.

Stori zina tatizo la pekee. Zinatoweka baada ya saa 24, na jibu la stori lililosomwa kesho yake halionyeshi tena picha iliyoulizwa. Unabaki na "hii bei gani?" bila "hii". Ndiyo maana namba ya bidhaa sasa inachapwa juu ya picha yenyewe, kwenye kona, na stori inaandikwa "andika M14". Stori zenye bidhaa zinahifadhiwa pia kwenye kumbukumbu ya akaunti ili anayejibu aweze kurudi kuangalia.

Kumbukumbu ya 7: kufuatilia

Hali: inaendelea.

Anayetumia WhatsApp Business ya kawaida kwenye simu anaweza kumwandikia mteja wakati wowote, ila akizuiwa na kuripotiwa na wengi, namba inaweza kufungwa. Anayetumia mfumo wa WhatsApp wa kuunganisha na programu nyingine anafungwa na dirisha la saa 24 tangu ujumbe wa mwisho wa mteja. Nje ya hapo ni violezo pekee, yaani jumbe zilizoandikwa mapema na kuidhinishwa na WhatsApp. Tangu 1 Julai 2025 violezo hivyo hutozwa kwa kila ujumbe, si kwa mazungumzo. Tangazo likifichwa ndani ya kiolezo cha taarifa za huduma, hupangwa upya kuwa la masoko, na gharama yake hubadilika. Instagram na Messenger nazo zina saa 24 kwa programu zilizounganishwa, zikiwa na nafasi ya hadi siku 7 pale anayejibu ni mtu na suala linahitaji muda zaidi.

Kwa sababu hizo ratiba ni fupi: mara ya kwanza kabla ya saa 24 kutimia, mara ya pili siku ya tatu pale mfumo unaporuhusu, basi. Baada ya hapo lebo inaondolewa na mteja anaachwa.

Kila ujumbe wa kufuatilia ubebe kitu kipya. "Vipi, umeamua?" haubebi kitu, unamkumbusha mteja kwamba anadaiwa jibu, na watu huwakwepa wanaowadai. Kitu kipya ni picha aliyokuwa hajaiona, rangi iliyoingia, jibu la wasiwasi aliotaja, au hali ya stoku: "Kahawia saizi 40 imebaki jozi moja, nyeusi zipo. Nikuwekee, au niache?" Neno "niache" libaki. Anayejibu "acha" amekupa jibu safi na hajakasirika.

Stoku inayotajwa iwe ya kweli. Akirudi wiki mbili baadaye akakuta ile "jozi moja" bado imebaki, kila utakachosema baada ya hapo kina mashaka.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp, inayotuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, huchukua watu hadi 256, na huwafikia tu waliohifadhi namba ya muuzaji kwenye simu zao. Wakati mzuri wa kuomba wahifadhi ni pale risiti inapotumwa: "Hifadhi namba hii, taarifa ya mzigo wako itatoka hapa." Ombi la kuingizwa kwenye orodha ya bidhaa mpya linakuja baadaye, likiwa peke yake, na anayejibu ACHA anaondolewa siku hiyo hiyo.

Kumbukumbu ya 8: zamu, na kusoma yaliyokufa

Hali: ya kudumu.

Anayemaliza zamu anaacha mistari mitatu kwa kila mteja aliye hatua ya 3 hadi 5: anataka nini, ameambiwa bei gani, anasubiri nini. Ugomvi mwingi wa bei hutokana na watu wawili kumjibu mteja mmoja, mmoja akiwa hajui mwenzake ameahidi usafiri.

Kila Ijumaa yanachukuliwa mazungumzo 20 yaliyokufa, bila kuchagua, na kwa kila moja inaandikwa nani aliyesema mwisho. Akiwa mteja, hilo ni kosa la huduma. Linashughulikiwa kabla ya mengine yote. Akiwa muuzaji na ujumbe hauna swali wala hatua ya kufuata, jibu la haraka linalohusika linaandikwa upya. Akiwa muuzaji na ujumbe ni mzuri, basi pengine kweli mteja hakuhitaji, na hakuna cha kutengeneza.

Yanayosubiri

Jaribio la bei kwenye posti dhidi ya bei inboksi, kwa bidhaa zinazofanana, litahesabiwa kwa waliolipa na si kwa walioandika. Kitu kimoja tu kinabadilishwa kwa wakati mmoja. Jedwali la usafiri halitaguswa mpaka jaribio liishe. Na hakuna uamuzi kwa idadi ndogo: mauzo 9 kati ya watu 30 dhidi ya 12 kati ya 30 yanaweza kuwa bahati tupu.

Majibu ya roboti yameruhusiwa kwa mambo mawili, saa za kazi na mzigo ulipofika. Maneno "nimelipa", "haijafika", "nirudishie" na "mbovu" yanamtoa mteja kwa roboti na kumpeleka kwa mtu papo hapo. Orodha ya maneno hayo bado inakosa namna watu wanavyoyafupisha wakiandika kwa haraka, na itajazwa kutoka kwenye mazungumzo ya Ijumaa.